Skrini Ilisema Hakuna

Kimathi Street, Nairobi
Jumatatu, 18 Machi 2024

Mzee Jamleck Muigai,

Naitwa Veronicah Nasimiyu. Nimeandika habari za afya kwa miaka ishirini na sita. Nilipiga simu yako mara tatu. Mkeo akanieleza kwamba masikio yako yamechoka, na kwamba mwenye shida aandike. Naandika.

Nafuatilia kisa cha Philister Awiti, karani wa Shirika la Damu Adimu pale Hurlingham. Shirika hilo, unalijua kuliko mimi, huweka kumbukumbu za watu wenye damu isiyopatikana kwa urahisi, ili hospitali ikikwama, mtu afuatwe nyumbani kwake. Kumbukumbu hizo zimo katika hifadhidata uliyoijenga wewe mwaka 2006 na kuitunza hadi ulipostaafu miaka miwili iliyopita.

Haya nimeyathibitisha. Jumatatu tarehe 11 Machi, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi, hospitali moja upande wa Kitisuru iliomba mtu wa damu ya O hasi. Mama alikuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Awiti alitafuta kwenye kompyuta. Skrini ikasema: Hakuna. Saa sita na dakika arobaini mchana, Awiti akafika hospitalini na mwashi aitwaye Bramwel Obuya, mwenye damu hiyo hiyo. Mama yu hai, na mtoto pia.

Tangu siku hiyo kila utafutaji hujibu Hakuna, ingawa majina yote yamo kwenye majedwali. Tena kumbukumbu za seva, kompyuta kuu ya shirika, zinaonyesha kwamba katika miaka miwili Awiti aliingia mara thelathini na moja mahali pasipo pa karani, kwa neno la siri la msimamizi. Mnamo Februari fundi mpya, Lenox, alibadilisha neno hilo. Mwezi uliofuata utafutaji ukafa.

Shirika limehitimisha hivi: alitega hila ili orodha isifanye kazi bila yeye, na ana daftari lake la siri la wachangiaji. Amesimamishwa kazi tangu tarehe 13. Atasikilizwa Jumatano ijayo, tarehe 27, na akipatikana na kosa atafutwa kazi na jina lake lipelekwe polisi. Ameulizwa mara mbili alivyompata Obuya. Amejibu neno moja: "Nilimkumbuka."

Naomba jibu la kitaalamu nitakalolinukuu. Je, utafutaji ule unaweza kufa wenyewe, bila mkono wa mtu?

Veronicah Nasimiyu


Mountain View
Jumanne, 19 Machi 2024

Bi. Nasimiyu,

Asante kwa kuandika. Watu wengi hunipigia kelele wakidhani uziwi ni kiburi.

Nitaanza na jambo ambalo hukuuliza. Hifadhidata hutoka kiwandani na aina zake za data: namba, tarehe, herufi. Kila safu ya jedwali hupewa aina, na mashine hukataa kisichofanana nayo. Ukiiambia safu hii ni ya tarehe, kisha ukaandika "kesho kutwa", inakurudisha.

Mwaka 2006 tulikuwa na shida ambayo kiwanda hakikuijua. Mtu wa Kangemi hana namba ya nyumba. Simu yake hubadilika kila akiibiwa. Anakopatikana ni maneno: shukia kanisa fulani, fuata ukuta wa shule, geti la tatu. Basi nikaunda aina yangu mwenyewe, nikaiita maelekezo. Ndani ni herufi mia moja na sitini tu, lakini niliifunga kwa kanuni: lazima yaanze na kitu kisichohama. Kanisa, shule, daraja, kituo cha polisi. Ukianza na kioski, mashine inakataa. Ukianza na mti, inakataa, miti hukatwa. Makarani walinichukia mwezi mzima. Njambi, ambaye leo ni mkurugenzi na wakati huo alikuwa daktari mchanga, aliniuliza, "Muigai, na baa je?" Nikamwambia baa huhama. Walevi ndio hawahami.

Kwa swali lako: mtu akiwa ameandikwa sawasawa, mfumo utampata. Niliujenga hivyo. Mfumo mzuri hauna sababu ya kufa wenyewe.

Je, asubuhi ya tarehe 11 umeme ulipotea Hurlingham? Nauliza tu.

Awiti nilimfundisha kazi mimi. Ni karani mzuri. Zaidi ya hapo sina la kusema.

J. Muigai


Kimathi Street
Jumatano, 20 Machi 2024

Mzee Muigai,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Aina yako ya maelekezo ni kazi ya akili, na nitaiandika hivyo. Lakini kilichonishika ni swali lako la umeme. Kwa uzoefu wangu, anayesema "nauliza tu" huwa ana nusu ya jibu.

Nimekwenda kuangalia. Umeme ulipotea Hurlingham saa tatu na dakika tano asubuhi, ukarudi saa tatu na dakika thelathini na moja. Jenereta la shirika ni bovu tangu Januari. Seva ilizimika na kuwaka yenyewe. Utafutaji wa kwanza baada ya hapo ndio uliosema Hakuna.

Nilimuuliza Lenox. Alinijibu hivi: "Madam, majina iko, majedwali iko, hata ile aina ya mzee iko. Nikitafuta, hakuna. Ningefungua niangalie ndani, lakini nimeambiwa nisiguse kitu mpaka tarehe ishirini na saba. Eti ni ushahidi."

Nimelinganisha pia zile tarehe thelathini na moja ambazo Awiti aliingia kwenye seva. Zote ni siku ambazo umeme ulipotea. Zote.

Umeme unahusiana vipi na hili?

V. Nasimiyu


Kangemi
Alhamisi, 21 Machi 2024

Mzee wangu Muigai,

Habari za Mama na za magoti yako? Sisi huku tuko salama. Watoto wanakaribia kufunga shule, na mimi kwa kuwa niko nyumbani mchana wameshangaa kumbe chakula kinaweza kuwa moto.

Mwandishi mmoja anaitwa Nasimiyu amekuja kwangu. Anauliza pole pole na anaandika kila kitu, hata rangi ya mlango. Ameniambia ameshakuandikia. Sasa nakuandikia mimi ili usiwe na wasiwasi.

Kadi yako iko salama. Ile yenye mistari minne: umeme ukirudi, ingia chumba cha muda, unda maelekezo upya, toka. Nimeiweka kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vya watoto. Uliponipa ulisema, "Awiti, ukuta huu ni mzuri lakini una ufa mmoja. Upake kila mvua ikinyesha, na usimwonyeshe mtu." Nimeupaka mara thelathini na moja. Sijamwonyesha mtu. Hata wakiniuliza Jumatano sitasema.

Nasikia chumba kipya cha masjala kitaitwa jina lako, na watafungua tarehe tatu Aprili. Unastahili. Hakuna anayejua hivyo kuliko mimi.

Sina ombi. Jambo moja tu linanisumbua. Ijumaa iliyopita waliomba AB hasi na skrini ikasema Hakuna. Lenox akaanza kusoma majedwali kwa macho, jina moja moja, saa tano nzima. Mimi mtu huyo namjua, yuko nyuma tu ya daraja la pale chini. Mwenzangu wa ofisini aliponidokeza, nikampigia Lenox. Akasema, "Auntie, tafadhali usiniongeleshe, nimekatazwa." Akakata. Mgonjwa alingoja. Alipona, lakini alingoja.

Salimia Mama.

Wako,
Philister Awiti


Kimathi Street
Jumamosi, 23 Machi 2024

Mzee Muigai,

Hujanijibu. Nakuarifu nilichokiona jana ili usiseme baadaye kwamba hukujua.

Nilimtembelea Bramwel Obuya kazini. Anajenga ukuta wa ghorofa huko kwenu Mountain View. Nilimuuliza kama Awiti alikuwa na daftari. Akacheka, akaweka mwiko chini.

"Daftari ya wapi? Alikuja na viatu mkononi. Alianzia kwangu, bibi akamwambia niko mjengo. Akashika njia mpaka hapa. Nasikia mtu anaita huko chini, 'Obuya! Shuka! Kuna mama anaisha!' Nikamwambia, mama, mikono yangu imejaa simiti. Akasema, 'Damu haitolewi kwa vidole. Shuka!'"

"Ulimjua?"

"Nilimwona mara moja tu, miaka nane imepita, siku alikuja kuniandika. Alitembea na mimi kutoka kanisani hadi kwa geti yangu akihesabu nguzo za umeme. Nikafikiria huyu ni mtu wa stima."

Huyo mwanamke, Mzee, alitoka Hurlingham, akamkosa mtu nyumbani kwake Kangemi, akamfuata kazini na kumfikisha Kitisuru kwa saa mbili na dakika ishirini na sita. Mashine ilikuwa imeshamwambia mtu huyo hayupo. Nimeonana na makatibu wakuu na maprofesa wengi. Ni wachache ambao wangeiamini akili yao kuliko skrini wakati uhai wa mtu unahesabiwa kwa dakika.

Sina ushahidi kwamba ana daftari. Nina ushahidi kwamba kuna jambo analificha, na kwamba halifichi kwa ajili yake. Nilipotaja jina lako alisimama akaenda kuangalia sufuria. Hapakuwa na kitu jikoni.

Jumatano jioni nitachapisha, uandike usiandike. Ningependa kuchapisha ukweli.

V. Nasimiyu


Mountain View
Jumatatu, 25 Machi 2024

Bi. Nasimiyu,

Andika hivi.

Ndani ya hifadhidata kuna chumba cha muda. Mashine hukitumia kama meza ya jikoni: inapanga vitu, inakata, inaandaa, kisha inapangusa. Seva ikizimika chumba hicho hubomolewa chote. Ikiwaka kinajengwa kingine kipya kwa kufuata kalibu moja, yaani kielelezo, iliyomo ndani ya mashine. Kisichokuwa kwenye kalibu hakitakuwa chumbani.

Hospitali ikiomba damu, programu yangu huandaa orodha fupi ndani ya chumba hicho, na moja ya safu zake ni ya aina ya maelekezo. Aina za kiwandani chumba kinazijua siku zote. Yangu hakiijui, kwa sababu niliiunda kwenye nyumba kubwa, yaani hifadhidata yenyewe, na sikuiweka kwenye kalibu. Lenox anaiona kwenye nyumba kubwa, na ni kweli iko. Lakini umeme ukipotea ukarudi, chumba kipya kinauliza: maelekezo ni kitu gani? Kazi inakwama hapo hapo.

Niligundua mwaka 2009. Dawa ni mstari mmoja tu, kuiweka aina ile kwenye kalibu. Lakini kugusa kalibu kulihitaji fomu, na kwenye fomu kuna nafasi imeandikwa Sababu. Ningejaza nini? Kwamba mtu mnayemwita mhandisi alisahau? Nikaona ni rahisi zaidi kuunda aina ile upya kwa mkono kila umeme ukirudi. Nilifanya hivyo miaka kumi na mitatu. Wafanyakazi waliniona nikifika mbio baada ya kila giza wakasema, "Muigai anapenda kazi." Nilipostaafu nilimwachia Awiti kadi na neno la siri, nikamwomba asiseme. Ameshika ahadi hiyo hadi kwenye ukingo wa kufukuzwa. Lenox alipobadilisha neno la siri alifanya haki yake, na hapo kadi ikawa karatasi tu.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni la ufundi. La pili ni baya zaidi. Programu ikikwama, mashine hutoa ujumbe wa kosa, mrefu na wa kutisha. Niliuziba. Nilidhani karani akiuona ataogopa, au ataniuliza. Nikaiandikia programu kwamba likitokea kosa lolote, iseme Hakuna. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minane mashine yangu imekuwa ikisema "hakuna mtu" wakati ilipaswa kusema "nimeshindwa kutafuta". Karani wa kawaida angemwambia daktari hakuna, na daktari angekunja mikono.

Uliniuliza kama utafutaji unaweza kufa wenyewe. Unaweza. Uliuawa mwaka 2006, na mimi.

Nimeandika taarifa ya kurasa mbili kwa ajili ya kikao. Nimeitia sahihi.

Jamleck Muigai


Mountain View
Jumatatu, 25 Machi 2024

Awiti,

Toa kadi. Jumatano uje nayo mkononi, mtu yeyote aione. Nitakuwepo.

Muigai


Kimathi Street
Jumanne, 26 Machi 2024

Mzee Muigai,

Nimepokea. Kikao ni saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili. Mshtakiwa huruhusiwa kuwa na mtazamaji mmoja, na Awiti amenitaja mimi. Wewe umeandikishwa kama shahidi.

Soma taarifa yako mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Soma polepole. Usiombe radhi katikati. Watu wakisikia radhi huacha kusikiliza ufundi.

Yatakayosemwa hutayasikia. Nitakuandikia yote.

V. Nasimiyu


Kimathi Street
Alhamisi, 28 Machi 2024

Mzee Muigai,

Uliketi kwenye kikao kile kwa saa mbili ukitazama midomo ya watu. Haya ndiyo yaliyotoka.

Ulipomaliza kusoma, Dkt. Njambi, mkurugenzi, akamgeukia Lenox: "Hii anasema mzee, inawezekana?"

Lenox akasema, "Inawezekana, Daktari. Mimi nilifunga mlango nikijua nafungia mwizi nje. Kumbe nilifungia nje mwenye dawa."

Awiti akaweka kadi mezani. Uliona mwenyewe ilivyochakaa pembeni. Lenox aliisoma mstari kwa mstari akilinganisha na kumbukumbu za seva, akasema kila safari kati ya zile thelathini na moja ni mistari hii minne na si zaidi. "Hakugusa hata jina la mtu."

Ndipo wakili wa shirika, yule wa tai nyekundu, akasema, "Sawa, mashine tumeelewa. Lakini watu mia mbili na kumi na wanne wako kwa hiyo orodha. Mtu hawezi tu kukumbuka mmoja. Daftari iko wapi?"

Awiti akasema, "Niulize."

Hapo nilitolewa nje, kwa sababu majina ya wachangiaji ni siri, na nilikubali. Wewe ulibaki ndani ukaona bila kusikia. Mimi nilisikia bila kuona, maana mlango ule ni mwembamba. Majina siyaandiki hapa wala popote. Wakili alisoma majina kumi kutoka kwenye jedwali, moja hapa, moja pale. Kwa kila jina Awiti alitoa maelekezo, kuanzia kitu kisichohama hadi kwenye geti. Tisa yalikuwa sawa neno kwa neno. La kumi wakili akadakia, "Hapa umekosea! Imeandikwa geti la kijani."

"Ilikuwa ya kijani," Awiti akasema. "Januari wamepaka maruni. Nilijaza fomu ya kurekebisha. Iko kwa meza ya mkurugenzi tangu tarehe nane Februari."

Nikasikia droo ikifunguliwa, karatasi zikipekuliwa, kisha Dkt. Njambi akasema kwa sauti ndogo, "Iko hapa."

Wakili hakukata tamaa. "Madam, hizi vitu unazikaririje?"

Jibu lake ndilo sababu hasa ya barua hii, kwa kuwa uliketi hatua mbili kutoka kwake na halikukufikia.

"Sikariri, wakili. Hii mashine ya mzee inakataa kioski. Inakataa mti. Mtu akikuambia anakaa karibu na kibanda cha chapati, huwezi kuandika. Lazima uinuke uende naye kwake, utafute kanisa ama daraja, halafu uhesabu kutoka hapo. Mimi nimeenda kwa wote. Mahali umetembea na miguu yako, kichwa hakiachi."

Ile kanuni yako, Mzee, ambayo makarani waliichukia. Makarani wengine waliizunguka kwa kuandika kanisa lolote lililo karibu. Yeye aliitii. Mama wa Kitisuru aliokolewa na vitu viwili ambavyo umeme hauwezi kuvifuta: miguu ya Awiti, na ukaidi wako wa mwaka 2006 uliomlazimisha kutembea.

Uamuzi: amerudishwa kazini kuanzia leo. Amepewa onyo la maandishi kwa kutumia neno la siri lisilo lake. Alilitia sahihi bila kulalamika, akaomba nakala. Lenox ameweka aina yako kwenye kalibu mbele ya kikao chote. Ilichukua dakika nne. Kisha akazima seva makusudi na kuiwasha. Akatafuta O hasi. Wakatoka watu tisa.

Kuhusu karatasi uliyompa Dkt. Njambi mlangoni, ukiomba jina lako lisiwekwe kwenye chumba cha masjala: alinionyesha. Nilimwambia si kazi yangu kushauri.

Habari yangu imetoka leo, ukurasa wa tisa, maneno mia tatu na kumi na mawili. Nilitaka mia nane. Kosa lako limo, na maelekezo yako yamo. Sikuongeza wala kupunguza.

Kwa heshima,
Veronicah Nasimiyu


Hurlingham
Jumanne, 16 Aprili 2024

Mzee wangu Muigai,

Leo umeme ulipotea saa nne kasoro robo. Mvua hii unaijua. Ulirudi saa nne na dakika ishirini. Mikono yangu ilitaka kwenda pale palipozoea, nikaikalia. Dakika kumi baadaye wakaomba B hasi. Orodha ikatoka, watu kumi na mmoja. Sikugusa kitu. Lenox alikuwa amesimama nyuma yangu akijifanya anatafuta kalamu.

Amebadilisha pia yale maneno. Mashine ikikwama sasa inaandika kwa rangi nyekundu: "Nimeshindwa kutafuta. Usimwambie daktari hakuna." Nilimuuliza nani alitunga. Akasema, "Ni wewe na mzee, mimi nimepiga chapa tu."

Ile geti ya maruni imeingizwa. Dkt. Njambi ametia sahihi fomu zangu zote sita siku moja. Moja ilikuwa na doa la chai ya mwaka jana.

Kadi ulisema nikurudishie ukaichome. Sirudishi. Imekaa na vyeti vya watoto muda mrefu, imekuwa mmoja wao.

Sasa nikwambie la chumba, kwa sababu hukuja kwenye ufunguzi na mkeo alisema ulilala mchana kutwa. Umri wako na wangu hauturuhusu kudanganyana, ulikuwa macho. Mkurugenzi alikubali ombi lako. Ukutani juu ya mlango wameandika MASJALA, basi. Lakini fundi wa ubao alikuwa ameshamaliza kazi kabla ya kikao: mvule mzuri, herufi zako zote zimechongwa, JAMLECK K. MUIGAI, na mwaka. Akaja kuuliza alainishe kwa randa au alete ubao mwingine. Mkurugenzi hakuwepo, akaniuliza mimi. Nikamwambia asilainishe. Ageuze tu, achonge upande wa pili.

Kwa hiyo jina lako liko pale, Mzee, limetazama ukuta. Fundi amekwenda kwao Siaya wiki jana na hatarudi karibuni. Tumebaki wawili tunaojua, wewe na mimi.

Hii sitamwambia mtu.

Wako,
Philister Awiti